Tak ya Saa Nane

Marahaba. Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi ameniletea shikamoo zenu zote kwa mkupuo mmoja, nami naziitikia kwa mkupuo mmoja, maana magoti yangu hayataki tena kuzunguka kumpa kila mtu mkono. Anasema mnataka kujua nilivyoishi na vyombo vya umeme miaka yote ile, mwanamke mimi, Leonsia wa Ntalikwa, niliyeanza na redio za mbao nikamalizia na visanduku vya kumwagilia bustani za watu. Hotuba sina. Nitawasimulia habari ya ukuta mmoja uliokataa kukauka hapa hapa Tabora mjini, na mengine mtayaokota njiani.

Ila kwanza nisikilizeni kidogo juu ya tak.

Kwenye bustani za siku hizi humwoni mtu amesimama na mpira wa maji. Kuna kisanduku ukutani, kina saa ndani yake, na kutoka hapo nyaya nyembamba zinapita chini ya udongo hadi kwenye vali za umeme. Wakati ukifika, kisanduku kinapeleka umeme mdogo tu, koili iliyo kwenye vali inavuta kijiti cha chuma, tak, na maji yaliyokuwa yamelala kwenye bomba yanaruka juu na kuwa mvua. Kule chini hakuna mkono wa mtu! Siku ya kwanza nilipoiona nilipiga ishara ya msalaba. Leo ni mzee, nimezifungua vali hizo na kuzifunga mpaka vidole vimepinda, na bado nikiisikia tak mwili unanisisimka. Fundi aliyeizoea tak aache kazi akakaange vitumbua.

Kusikiliza nilifundishwa na Mzee Enoki, fundi redio, Mmoraviani aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Alikuwa analehemu huku anaimba nyimbo za kanisani kwao, na ubeti ukikatika ulijua risasi imeshika vibaya. Siku moja mama mmoja alishuka na treni kutoka Bukene, redio kwapani, inaunguruma. Mimi, kijana mjuaji, mama hajamaliza hata kueleza nimeshaifumua redio nzima na vipande vimetapakaa mezani. Mzee akaja, akatazama, hakugomba. Akasema neno moja tu: "Ifunge."

Nikaifunga kwa jasho, mama wa watu anasubiri. Ndipo Mzee Enoki akaiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye transfoma na mpini nyuma ya sikio lake, pale penye mfupa. Kisha akanipa mimi. Lo! Niliisikia skrubu iliyolegea ikilialia mle ndani wazi kabisa. Akaikaza, mngurumo ukaisha, mama akaenda zake kuwahi treni. "Leonsia," Mzee akaniambia, "chombo kikiumwa kinasema. Wewe unakikata kauli." Alipofariki wanawe walinipa bisibisi ile yenye mpini wa mbao, na ndiyo niliyonayo mpaka leo.

Halafu zikaja simu, redio zikahamia ndani ya simu, kibanda kikakosa wateja. Nikageukia maji. Msidhani niliingia kwa mguu mzuri. Koili za vali zinataka umeme ulioshushwa kwanza na transfoma, na mimi kazi yangu ya kwanza, kwenye bustani ya mboga ya masista, nikaichomeka koili moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Moshi huo! Sista mkubwa akatoka, akasimama mikono kiunoni, akasema, "Leonsia, tulikuita utuletee maji. Ubani tunao." Masista wale walinitania kwa ubani huo kila Jumapili mpaka nikawa nakaa benchi la nyuma.

Na maungio ya nyaya chini ya udongo, vijana wangu, ndiyo kaburi la mafundi. Maji yanaingia, shaba inaota kutu ya kijani, waya unakufa. Mafuta yake maalumu ya kuzuia maji yalikuwa hayafiki huku, basi nikatumia kilichopo, nta ya nyuki. Tabora hii asali ikishakamuliwa nta imejaa tele. Unaiyeyusha, unachovya ungio, unazungushia kipande cha mpira wa baiskeli, unachovya tena. Nimewahi kufukua ungio nililolizika nikiwa bado na meno yote, nikakuta shaba inang'aa. Lakini uichuje nta yako vizuri, uichemshe, kwa sababu ikibaki na utamu sisimizi wanakuja, na sisimizi akishaonja anapanda na waya mpaka ndani ya kisanduku akatage humo. Nilipoteza kisanduku kizima kwa ulafi wa sisimizi kabla sijalijua hilo.

Haya, ukuta.

Kuna jengo la fleti la ghorofa mbili, upande ule inakopita njia ya zamani ya misafara. Kila fleti ina mwenyewe, ila bustani na bomba kuu ni vya wote. Chini walikaa Mwalimu Agripina na mumewe, Mzee Benedikto. Agripina ni mtu wa Lusu, kule Nzega, amefundisha shule ya msingi mpaka kustaafu. Benedikto alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Bukene, kazi yake kutuma na kupokea ishara za treni kwa mashine. Juu yao alikaa Mama Zuwena, mjane, muuza vitenge sokoni, mwanamke anayeongea kwa sauti na kucheka kwa sauti kubwa zaidi.

Ukuta wa chumba alicholala Benedikto ulikuwa unalowa. Unalowa, unakauka, unalowa tena. Rangi ikabanduka, kuvu nyeusi ikapanda mpaka usawa wa mto wake, na Benedikto ana pumu. Daktari hakuzunguka: ama ukuta ukauke, ama mzee ahame. Kuhama maana yake ilikuwa Lusu kwa kaka yake Agripina, kwenye moshi wa kuni na vumbi la pamba, mbali na hospitali, kwa mtu ambaye pumzi ikimbana hana muda wa kungoja gari. Nyumba nyingine hawakuwa nayo. Agripina alikuwa ameshafunga mzigo wa kwanza kwa kamba ya katani, upo pale mlangoni, kila aingiaye anaukwaa.

"Babu yangu alifunga mzigo akiwa kijana," Benedikto aliniambia siku moja huku anahema, "akaubeba mpaka pwani na akarudi. Mimi naufunga uzeeni, Leonsia. Sidhani kama nitarudi."

Nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa.

Lawama zote zilikuwa zimepanda ghorofani. Zuwena alikuwa akirudi kutoka sokoni mchana, saa nane hivi, anaoga, anapumzika, anarudi kazini. Na kila ukuta ulipokuwa kwenye kipindi cha kulowa, Agripina alisikia maji yakipita ukutani mchana huo huo. Unataka ushahidi gani tena? Kikao cha wenye fleti kikaamua bafu la Zuwena livunjwe. Malumalu zikang'olewa, bomba likabadilishwa, na ukuta ukakauka kweli! Wakapongezana kwenye kundi lao la WhatsApp. Baada ya muda, huo, umelowa tena, na bafu likavunjwa mara ya pili.

Zuwena akaanza kuoga kwa kopo. Mwanamke mzima, nyumbani kwake mwenyewe, anachuchumaa kwenye beseni, kisha anateremka ngazi na ndoo kwenda kumwaga maji machafu nje ya uzio, ili asiambiwe. Na ukuta ukalowa vile vile. "Mwalimu, naoga kwa kopo," alimwambia Agripina mbele yangu. Agripina akajibu, "Mume wangu anakufa kwa hilo kopo lako." Hee! Niliinama. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana ngazini bila salamu, na kile kicheko cha Zuwena hatukukisikia tena.

Mimi sikuitwa kwa ajili ya ukuta. Niliitwa kwa ajili ya kisanduku cha bustani, na aliyeniita ni Yakobo, mlinzi na mtunza bustani wa pale, mtu wa Ulyankulu ambaye wazee wake walitoka Burundi, mtu mwaminifu kiasi kwamba akikanyaga ua kwa bahati mbaya analiomba radhi. Ananipigia simu: "Mama, kimechanganyikiwa tena." Nikifika nakuta vinyunyizi vinamwaga maji saa nane mchana, jua la Tabora linachoma, maji yanakauka kabla hayajagusa mzizi.

Sababu nusu yake niliijua. Visanduku vile vina betri ndogo inayolinda kumbukumbu umeme ukikatika. Ya pale ilikuwa imekufa, aina yake niliagiza Dar ikawa haiji, na zile nilizojaribu kutoka madukani zilikufa kimya kimya. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda, kisanduku kilisahau kila tulichokifundisha. Lakini hakikubaki kitupu, na hapa ndipo ninapostaajabu mpaka kesho. Kilirudi kwenye kile kilichozaliwa nacho. Kule kiwandani, kabla hakijafungwa kwenye boksi, mtu mmoja asiyeijua Tabora alikiagiza: ukipotewa na yote, anza saa mbili asubuhi, fungua vituo vyote, yaani kila vali, kila siku. Na chenyewe kikalibeba agizo hilo kuvuka bahari, kikalitunza kimya chini ya maagizo yetu yote, na usahaulifu ulipokipiga kikaanza kulitimiza. Watu wangapi wanalitunza neno hivyo?

Nusu nyingine sikuijua. Agizo la kiwandani ni saa mbili asubuhi, sasa mbona kinamwagilia saa nane mchana? Nikashuku kristali. Ndani ya saa ya umeme kuna kijiwe, ni kidogo kama punje ya mchele, kinatetemeka bila kuchoka, na kwa mtetemo huo saa inajua dakika imepita. Jiwe linalojua wakati! Nikiwaza hilo huwa nafuta miwani. Basi nikabadilisha kristali, kikaendelea na saa nane yake. Nikabadilisha nyingine, vile vile. Nikampigia muuzaji wa Dar nikamtolea maneno ambayo padri akiyasikia ananifungia komunyo. Mwisho wa yote nilikuwa nakifundisha upya ratiba yetu, nasahihisha na saa yake, narudi zangu nyumbani, na bustani inatulia mpaka umeme ukatike tena.

Ikafika siku nimesikia Agripina amepata gari la kwenda Nzega Jumamosi. Umeme ulikuwa umekatika juzi yake na ukarudi, Yakobo ameshanipigia simu, lakini mimi nilikwenda zaidi kumuaga Benedikto kuliko kutengeneza. Nilifika mchana. Nikamkuta amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, anaitafuta pumzi. Zuwena alikuwa hajarudi, maana siku hiyo soko lilichangamka.

"Leonsia, wewe ni fundi," akasema. "Humu ukutani kuna rilei, ile swichi ya koili."

"Shemeji, humu ukutani kuna maji."

"Kabla ya maji kuna rilei. Inapiga tak, ndipo maji yanakuja. Nimeishi Bukene na mashine za tak ujana wangu wote, leo utanifundisha tak?"

Agripina alikuwa mlangoni anafunga mzigo wa pili. "Achana naye, dada. Anasema hivyo tangu masika. Ni homa."

Haki ya Mungu, nilimsikia Mzee Enoki kama yupo pale chumbani. Mgonjwa anasema, na sisi sote tunamkata kauli! Mtu akioga, bomba linafoka tu. Halipigi tak. Kinachopiga tak ni koili. Nikatoa bisibisi, nikaweka ncha kwenye ukuta, mpini nyuma ya sikio, nikaketi kando ya Benedikto.

Nje vinyunyizi vikaanza. Bustani ile ina mistari mitatu. Mstari wa kwanza ukamwaga ukazima, wa pili ukamwaga ukazima, wa tatu ukamwaga ukazima. Bustani yote imekwisha. Kimya.

Tak.

Na baada yake, chini kabisa, karibu na msingi, shwaaa.

"Umeisikia?" Benedikto akanishika mkono. Machozi yalikuwa yananitoka, siwafichi. Nyumba nzima ilikuwa inasikia maji, na mtu mmoja tu, yule ambaye yalikuwa yanamuua, ndiye aliyeisikia tak.

Nilikimbia mpaka kwenye kisanduku, magoti haya haya. Kiooni imeandikwa namba ya kituo: nne. Kituo cha nne! Bustani ya mistari mitatu, cha nne cha nini? Na pembeni, saa inasoma nane na nusu, asubuhi. Nikatazama jua. Nikatazama simu yangu. Ilikuwa nane na nusu, mchana.

"Yakobo! Saa ya hiki kisanduku huwa anaiweka nani?"

"Mimi, mama. Umeme ukirudi inapepesa masifuri, naona aibu wageni waione hivyo. Naiweka sawa."

"Unaiwekaje?"

"Kwa saa, mama." Akanitazama kwa huruma, pengine alidhani jua limenipata. "Juzi umeme ulirudi saa mbili asubuhi. Nikaweka mbili, nikachagua asubuhi."

"Mbili?"

"Si ilikuwa saa mbili, mama?"

Yesu na Maria! Nilikaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Kisanduku kinaanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi tunaanza jua linapochomoza. Saa mbili yetu ya asubuhi, chenyewe kinaiita nane. Mimi kwa mazoea ya miaka naigeuza kichwani bila hata kujua nageuza, na ndiyo maana sikuwahi kuuliza. Yakobo hakugeuza. Umeme uliporudi kisanduku kilikuwa hakijui chochote, na mwalimu wake wa kwanza kila mara alikuwa Yakobo. Kwa hiyo kiliposoma nane yake ya kiwandani, huku kwetu ilikuwa saa nane ya mchana, saa ya Zuwena kuoga. Kilikuwa kimefundishwa Kiswahili! Na kristali niliyoitukana muda wote ule ilikuwa haijakosea hata kidogo.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yakobo akasimama na fyekeo lake. "Mama, nane yake ilikuwa saa nane. Kosa liko wapi?" Jamani, nijibu nini? Siku hizi visanduku vinajiwekea saa vyenyewe kwa mtandao na unaviongoza kwa simu kutoka popote, mtaniambia haya yamepitwa. Sawa. Ila muulizeni mteja anamaanisha saa ya nani kabla hamjabadilisha kristali.

Tukaenda nyuma ya ukuta wa Benedikto. Pamepigwa sakafu ya mabamba ya saruji, watu wanaegesha magari. Jirani wa zamani akakumbuka kwamba pale mwanzoni palikuwa na ukanda wa maua. Maua yalipoondolewa kikabaki kilichokuwa chini. Tulipoinua mabamba tukaikuta vali imezikwa nzima, waya wake mzima, na bomba lililokatwa limefungwa mdomo kwa mfuko wa plastiki na kipande cha mpira. Ratiba yetu ilikiruka kituo cha nne, ndiyo maana nikishakifundisha kisanduku ukuta unakauka. Umeme ukikatika kinakumbuka kituo cha nne, na maji yanaingia chini ya msingi. Kumbe miaka yote nilikuwa nautibu ule ukuta bila kujua unaumwa, na wanaoshukuriwa ni waliovunja bafu la watu.

Yakobo alikuwa anachota tope kwa mikono. Akasimama na kitu kidogo kiganjani, akakisuuza. Ushanga wa bluu. Mnajua ardhi ya mji huu, ukichimba kidogo tu unakutana na vitu vya misafara. Aliyeudondosha alikuwa na mzigo kichwani na hakuinama kuutafuta. Yakobo akaupeleka kwa Benedikto, naye akaushika mpaka jioni, anaugeuza geuza.

Niliziba bomba inavyotakiwa. Nikaufungua waya wa kituo cha nne kwenye kisanduku, waya wa rangi ya chungwa, mwembamba kuliko unyasi wa ufagio, nikaukunja nikaufunika kwa nta. Uhai wa mtu ulikuwa umening'inia pale.

Mnadhani Agripina alifurahi? Hakufurahi. "Ukuta huu umeshakauka mara mbili, Leonsia," akasema. "Mara mbili nimepika pilau nikashukuru. Gari la Jumamosi nitalirudisha, lakini mizigo siifungui. Nitaamini umeme ukikatika." Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nilikuwa na hofu, maana nimeshakosea mara nyingi nikiwa na uhakika mkubwa kuliko ule.

Ukuta ukakauka. Yakobo akakwangua kuvu, akapaka chokaa. Benedikto akaanza kulala na mto mmoja. Mizigo iko mlangoni. Halafu asubuhi moja umeme ukakatika mji mzima, ukarudi kesho yake, na nilipofika nilimkuta Yakobo amesimama mbele ya kisanduku, mikono nyuma, haigusi saa.

"Niiweke ya kwao, mama?"

"Weka kama unavyoweka siku zote."

Akaweka saa tatu asubuhi, tatu yake. Tukangoja mchana. Nilipanda ghorofani mwenyewe nikamwomba Zuwena ateremke. Alikuja na kitenge kimefungwa kifuani, akasimama karibu na mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje. Agripina hakumtazama. Benedikto alikuwa ameiomba bisibisi yangu, ameiweka ukutani, mpini nyuma ya sikio, macho ameyafumba.

Saa nane vinyunyizi vikaanza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Vikazima.

"Nne imewaka, mama!" Yakobo akapaza sauti kutoka nje.

Tukasubiri. Niliwaangalia wote wawili, Zuwena mlangoni na Agripina aliyekaa kitandani na kibwebwe kiunoni. Kituo cha nne kilikuwa kinatoa amri yake, na amri inaishia kwenye waya uliokunjwa ndani ya nta.

"Hakuna," Benedikto akasema.

Agripina akaweka kiganja ukutani. Akakisogeza chini, mpaka kwenye msingi. Bado ametazama ukuta, akasema, "Zuwena, mdogo wangu. Panda ukaoge."

"Kwa kopo?"

"Kwa bomba. Lifungue lote."

Zuwena akatoka. Tulimsikia anapanda ngazi, polepole kwanza, kisha kwa haraka. Mlango ukafunguka, na maji yakaanza kufoka juu ya vichwa vyetu, mengi, yanashuka ndani ya bomba karibu kabisa na mkono wa Agripina, na mkono wake umekauka. Na huko juu, katikati ya maji, kikaja kile kicheko. Kilianza kidogo, halafu kikajaa nyumba yote. Agripina akaanza kulia. "Wabeja," akawa anasema kwa lugha ya kwao, "wabeja, wabeja," asante, sijui anamwambia nani kati yetu.

"Mke wangu," Benedikto akasema, pumzi yake imetulia, "fungua mzigo."

Agripina akapiga magoti mlangoni. Alikuwa ameufunga wa safari ndefu, na kamba kwa kukaa miezi ile ilikuwa imejikaza, fundo halishikiki kwa kucha. Akahangaika nalo. Kisha akanyoosha mkono kwa mumewe bila kugeuka, akasema, "Hebu nipe hiyo bisibisi ya watu."